Vita Tamu

Siku ile sokoni Mwigobero hakupitiki. Mitumbwi imeshusha dagaa, wachuuzi wa mitumba wamefungua marobota mapya, na nusu ya mji wa Musoma imeteremka ziwani. Dafroza, ndani ya gauni la njano lililombana kiunoni, alipenya katikati ya watu mpaka kwa muuza vitabu. Akakiona alichokifuata, akainama kukichukua. Mkono mwingine ukakidaka upande wa pili.

"Samahani dada, nimekiona mimi kwanza."

"Umekionea wapi? Wewe ulikuwa unaangalia sato!"

Muuza vitabu akaangua kicheko. Ilikuwa nakala ya mwisho ya *Waridi la Mpakani*, riwaya ya vita vya Kagera. Mwaka ule, sabuni na sukari zilipoanza kurudi madukani, kila mtu alikuwa ama anaisoma ama anaitafuta.

"Basi tukinunue wote," kijana akasema. Alikuwa mrefu, mwenye mwanya, suruali yake ya kaki imenyooshwa ikanyooka. "Nianze mimi, Jumamosi nikuletee."

"Na ukitoroka nacho?"

"Utakuwa umemjua mwizi wako mapema. Naitwa Alfonce. Mimi ni fundi wa mitambo, kiwanda cha pamba, Bunda. Ukiulizia pale wananijuaga wote."

Hakutoroka. Jumamosi alikileta, Jumamosi iliyofuata akaja mikono mitupu, na ile ya tatu Dafroza alijikuta amesuka nywele tangu Ijumaa. Katikati ya juma Alfonce alipiga simu kwenye duka la nyavu alikouza Dafroza. Simu za Bunda ziliunganishwa posta na mama wa mitambo, na mama huyo hakuwa na haya.

"Laazizi, umekula?"

"Nimekula ugali na furu. Wewe?"

"Mimi nakula picha yako tu."

"Dakika zenu zinakwisha," sauti ya mama wa mitambo ikaingia. "Na picha haishibishi, kaka."

Lakini Dafroza alikuwa na sababu yake ya kukitaka kile kitabu, na hakuwa amemwambia mtu. Kaka yake Ryoba alikwenda vita ile na mgambo wa Butiama. Alirudi mzima wa viungo, ila maneno aliyaacha huko. Ukimuuliza, alijibu, "Tulikwenda, tukarudi," akachukua jembe lake. Miaka minane sasa. Dafroza alidhani kitabu kingemwambia alichokataa kusema kaka.

Alikisoma chumbani kwake mtaa wa Bweri, mlango umefungwa. Shujaa aliruka handaki, akaua kikosi kizima peke yake, akambusu muuguzi mabomu yakidondoka, na shati lake halikupata hata doa. Hakuna aliyeona njaa. Hakuna aliyeogopa. Akafunua na kufunua akimtafuta mtu mmoja tu anayefanana na Ryoba, mpaka kurasa zikamwishia. Alijisikia kama mtu aliyekwenda msibani akakuta watu wanacheza ngoma.

Kesho yake simu ya dukani ikalia.

"Waridi wangu! Umekimaliza? Si nilikwambia?"

"Kizuri," Dafroza akasema, akijichukia.

"Kizuri tu? Mimi nilikirudia! Natamani ningekuwepo, walahi. Vita tamu kama ile, unarudi na medali na mchumba!"

"Vita tamu?"

"Daffi, kwani..."

"Kaka yangu alikuwepo, Alfonce. Njoo Butiama umwone, halafu useme utamu uko wapi. Kitabu chenyewe ni upuuzi, na anayekipenda naye simwelewi."

Akaibamiza simu.

Alfonce hakupiga tena. Juma likapita, na la pili. Jumamosi Dafroza alisimama mlangoni pa duka akijifanya anapunga upepo. Moyo ukamwambia: umemtukana mwanamume wa watu, sasa ameshapata Waridi mwingine. Alikasirika, kisha akajilaumu, kisha akakasirika upya. Mwisho akaomba ruhusa akaenda nyumbani Butiama, na kile kitabu akakitia kikapuni. Mama yake angekichana afungie karanga.

Asubuhi ya pili alitoka kisimani na ndoo kichwani, akasikia kicheko uani. Kicheko kizito, cha kukwaruza, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. Akasimama. Alikuwa Ryoba.

Ryoba alikuwa amekaa kwenye kigoda, kile kitabu cha kikapuni kiko mapajani. Mbele yake, viatu vimejaa vumbi, alikaa Alfonce.

"Sikiliza hapa," Ryoba alikuwa anasema. "'Mvua ilinyesha, lakini mashujaa walilala usingizi mwororo.' Mwororo! Mimi viatu vyangu vililowa mpaka kucha zikang'oka. Huyu mtu matope anayajua kweli? Na Gati, rafiki yangu, alikuwaga hajali mizinga, ila radi ikipiga anajificha nyuma yangu. Mkubwa vile! Nyuma yangu!"

Alicheka tena, kisha kicheko kikakatika katikati.

"Nilimbeba," akasema. "Hakufika."

Mama yao alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Jina la Gati halikuwahi kutajwa katika nyumba ile. Akaja taratibu, akakaa chini kando ya mwanawe, akamshika goti. "Nieleze huyo Gati, mwanangu," akasema.

Na Ryoba akaeleza.

Dafroza alitua ndoo. Maji yalikuwa yamemwagikia bega na hakuwa amesikia baridi. Kifua chake kilikuwa chepesi, hata akaogopa kupumua kwa nguvu.

Baadaye alimsindikiza Alfonce hadi barabarani.

"Kwa nini hukupiga?"

"Laini ilikufa, mvua imeangusha nguzo, na Jumamosi zote tulishikwa zamu kiwandani. Uliza Bunda nzima. Jana nimefika dukani, wakasema umekuja huku. Nimepanda lori la pamba mpaka hapa, nimkute kaka yako nimwombe radhi. Nikamkuta anakisoma na kukitukana."

"Ulimwambia unakipenda?"

"Nilimwambia. Sikutaka kudanganya. Akasema, 'Kaa hapa nikuoneshe uongo wote.'" Alfonce akasita. "Daffi, nilikipenda kweli. Nilikuwa sijui kitu."

"Na mimi nilikwambia kizuri. Nilidanganya. Nimekichukia tangu kurasa za mwanzo!"

"Mama wee! Kumbe ulikivumilia chote kile?"

Wakacheka mpaka Dafroza akashika mti. Alfonce akafuta uso kwa leso. Ghafla hakuwa anacheka tena.

"Nilikuwa nimepanga maneno mazuri," akasema. "Sasa yamenipotea. Nataka tuishi wote. Basi."

Dafroza aliitazama barabara, kisha akamtazama yeye.

"Walete wazee wako," akasema. "Kabla ya palizi."

Aliporudi uani, Ryoba alikuwa bado anasimulia, na ugali jikoni ulikuwa unanuka kuungua.

"Huyo kijana kasemaje?" mama akauliza bila kugeuka.

"Ataleta wazee."

"Vizuri. Kaa, mwanangu. Kaka yako hajamaliza."

Dafroza akakaa.