Kifaa Kilichochemshwa

Kila asubuhi mama alisimama mlangoni, mtoto mchanga begani, akauliza swali lile lile: "Mwanangu, umelala na kifaa chako?"

"Ndiyo, mama," Kasuku alijibu, macho kwenye soksi zake.

Nyumbani walimwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Siku hizi, hata hivyo, aliongea kidogo, tena kwa kuuziba mdomo kwa kiganja, mama asije akayakagua meno yake. Meno yake ya mbele yalikuwa yamepandana tangu yalipoota. Yalinyooshwa kwa waya kwa muda mrefu, akivumilia maumivu na utani wa wenzake. Waya zilipotolewa, daktari wa meno alimpa kifaa cha plastiki avae kila usiku, ili meno yasirudi yalikotoka.

Kilichomponza ni usafi. Mama alikuwa akichemsha chupa za mtoto ili kuua vijidudu, naye Kasuku akajiuliza, kama chupa zinachemshwa, kifaa kina dhambi gani? Akakitumbukiza kwenye sufuria. Kilitoka kimejikunja, hakiingii mdomoni hata kwa dua! Alipokumbuka jinsi mama alivyohangaika kumpatia yale matibabu, aliingiwa na hofu. Akakificha chini ya masweta, akanyamaza.

Wiki zikapita. Siku moja mezani, kaka yake alimtazama akaangua kicheko.

"We Kasuku! Mbona jino lako limegeuka kumchungulia jirani?"

Kasuku aliacha chakula, akakimbilia kioo. Kweli, jino moja la mbele lilikuwa limeanza kumpanda mwenzake. Akilini akaziona waya zikirudi, na maumivu yote upya. Machozi yalimtoka. Akakichukua kile kifaa, akamfuata mama aliyekuwa akimwogesha mtoto.

"Mama, nilikichemsha. Sijakivaa siku nyingi."

Mama alikipokea kile kifaa kilichopinda, akakigeuza kwa mkono mmoja. "Kwa hiyo kila asubuhi ulikuwa unanidanganya?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Kukichemsha ni bahati mbaya tu. Huo uongo ndio ulioniuma," mama alisema, akamfunga mtoto taulo. "Kesho tunakwenda kwa daktari."

Daktari alikuwa mama wa makamo, mwenye mikono mipole na ulimi mkali kidogo. Aliligusa jino, akalisukuma kwa kidole, akalimulika kwa taa.

"Limesogea," alisema daktari. "Lakini kidogo tu. Nitakutengenezea kifaa kipya, nacho kitalirudisha taratibu. Waya hatuzihitaji."

Kasuku alishusha pumzi ndefu, akalia na kucheka kwa pamoja. Mama naye akaegemea kiti kama aliyetua mzigo.

"Usishangilie sana," daktari alionya. "Ungekaa na siri yako miezi michache zaidi, ningekuwa naziandaa waya. Mficha maradhi kifo humuumbua! Meno hayasahau yalikotoka, hata ya watu wazima. Kifaa kioshe kwa maji baridi na mswaki, basi."

"Sasa nitakivaa mpaka lini, daktari?"

"Mpaka utakapochoka kuwa na meno yaliyonyooka."

Wote wakacheka, na Kasuku akasahau kuuziba mdomo.

Njiani alianza kuongea, akaongea bila kituo, mpaka mama akamshika bega.

"Nisikilize, mwanangu. Kunyoosha kitu ni kazi, na kukitunza kisipinde tena ni kazi nyingine. Hiyo ya pili ni yako. Na ukikosea, niambie siku hiyo hiyo. Kosa uliloniambia nimelitafutia daktari. Ulilonificha ningelitafutia nini?"

"Nimeelewa, mama," alijibu Kasuku, na safari hii alimtazama usoni.