Udongo Mwekundu Kichwani mwa Akoru

Aluel, mtaalamu wa kupima ubongo, alikuwa ameshagawa nusu ya nywele za Akoru kwa ncha ya kitana, akitafuta ngozi ya kichwa ili kila kijitaa cha kofia ya kupimia kiiguse. Kofia yenyewe ilikuwa nyeusi, yenye vijitaa ishirini na vinne. Alipofika juu ya sikio la kushoto, kitana kilitoka na wekundu.

"Umepaka kitu hapa?" aliuliza.

Wanafunzi wenzake Akoru walikuwa kwenye benchi la zahanati, wakisikiliza. Ekwam, asiyekosa la kusema, alikuwa amemwambia asubuhi hiyo kwamba ananuka kama zizi la mbuzi.

"Ni vumbi tu, madam," Akoru akajibu. "Upepo wa jana."

Vumbi la Kakuma hakuna asiyelijua. Aluel alipangusa, akaendelea.

Kumbe ulikuwa udongo mwekundu uliokandwa kwa mafuta ya mbuzi. Nyanya yake, mgeni kutoka Lokori, aliposikia kwamba mjukuu atapimwa kichwa, alimpaka alfajiri na kumtakia heri, kama wazee wa Kiturkana wafanyavyo. Akoru alijifuta njiani kwa kanga, akadhani umekwisha.

Aluel alikuwa amewaeleza kazi ya kofia ile. Mwanga wake hupenya ngozi na mfupa bila kuumiza, kisha kiasi kidogo hurudi na kuonyesha mahali damu inapoongezeka kwenye ubongo. Sehemu mbili ambazo damu yake hupanda na kushuka pamoja huenda zinafanya kazi pamoja, na kompyuta huchora mstari kati yake. Mistari mingi huwa ramani.

Ramani ya Akoru haikutoka. Upande wa kushoto mwanga haukurudi. Aluel alimwondoa, akamvisha kofia Nyaruach, na vijitaa vilevile vikagoma.

Nyaruach alikaa dawati moja na Akoru. Mwaka uliopita malaria ilimpanda kichwani, akalala siku sita bila fahamu, na tangu hapo maneno ya mwalimu humponyoka. Madaktari wa Lodwar walitaka ramani yake, pamoja na za wenzake za kulinganishia, ili wajue namna ya kumsaidia kujifunza. Mama yake, Nyawech, alikuwa ameingoja siku hii tangu Machi.

Aluel alibadilisha waya, akajaribu tena. Hatimaye alimweleza Nyawech kwamba mashine imeharibika, itarudishwa Lodwar kwa gari la saa tisa, na hajui italetwa tena lini.  Nyawech alianza kumfunga binti yake viatu.

Akoru aliangalia vidole vya mama huyo vikihangaika na kamba. Akasimama.

"Madam, si vumbi. Nilipakwa udongo na mafuta. Niliona haya."

Ekwam alicheka, lakini hakuna aliyemfuata. Aluel alipindua kofia, akapitisha kidole kwenye kijitaa kimoja. Kidole kilitoka chekundu, kinateleza; udongo ulikuwa umeziba mwanga. Akatuma neno kwamba gari liondoke bila mashine.

Yeye na Akoru walisafisha kwa pamba na spiriti, kijitaa kimoja kimoja, kwa kuwa mafuta yalikuwa yameingia hadi kwenye mishono. Vilivyokwisha kusafishwa Aluel alivijaribu mkononi mwake, na mwanga ukarudi.

"Nyanya yako hajakosa," Aluel alimwambia Akoru, bila kuinua macho. "Mafuta hutoka kwa pamba. Uliponiambia ni vumbi, nilitafuta kosa mahali lisipokuwepo, na mwenzako nusura arudi nyumbani mikono mitupu. Ukiulizwa jambo, sema lilivyo, hata kama wanakucheka."

"Nimeelewa, madam."

Akoru alikwenda mwenyewe kumwomba Nyawech radhi. Mama huyo akamwambia aje kesho, amshike Nyaruach mkono akivishwa kofia.

"Na uoge kwanza," Nyaruach akasema.

Jua lilipozama vijitaa tisa vilikuwa bado havijasafishwa. Aluel aliifunika kofia kwa kitambaa safi, akaacha pamba na chupa ya spiriti mezani kwa kazi ya kesho.