Beseni la Babu Casimir

Kila asubuhi Krista Zawacki alipita mbele ya chumba cha babu yake akiwa amebana pumzi. Alikuwa na miaka kumi na saba, mwaka wa mwisho wa sekondari katika mji wa Erie, Marekani, na tangu Babu Casimir apooze upande mmoja, chumba kile kilimtia kinyaa. Kilinuka mkojo, dawa ya kuchua na kopo la makohozi. Mama yake, dereva wa basi la shule, ndiye aliyeamka alfajiri kumwogesha mzee, kisha akatoka kwenye theluji kwenda kazini. Krista alikunywa uji wake wa shayiri jikoni, mlango ukiwa umefungwa.

Majira hayo ya baridi darasa lake lote lilikuwa likiomba vyuo. Kupeleka matokeo ya mitihani peke yake hakukutosha. Ilibidi pia uandike insha ya kujieleza wewe ni nani. Bi. Hutchins, mshauri wa shule, aliwaambia waziwazi kwamba wasomaji wa vyuoni hupenda kusikia dhiki uliyoishinda. Basi wote wakaanza kusaka dhiki. Mmoja aliandika juu ya kifo cha mbwa wa jirani. Mwingine, ambaye kwao kuna magari matatu, alikwenda kanisani siku ya kuwalisha maskini, akapiga picha na bibi mmoja asiye na meno, akaondoka bila kuosha hata kijiko. Krista, aliyekuwa pale akisugua masufuria, alitamani kumtapikia viatuni.

"Mimi mwenzenu sina balaa hata moja," Corey, rafiki yake, alilalamika wakati wa chakula cha mchana. "Wazazi wangu wanapendana mpaka leo. Wameniharibia maisha."

Krista alicheka, lakini moyoni alikuwa na hofu. Alama zake zilikuwa za wastani, na bila kupata msaada wa ada asingekwenda chuo chochote. Tegemeo lake lilikuwa insha. Jioni hiyo aliketi akaeleza jinsi anavyomwogesha babu yake kila asubuhi: anavyopima joto la maji kwa kiwiko, anavyomnyoa ndevu, anavyomwimbia. Yote hayo aliyasikia kwa mama yake, ambaye hupenda kusimulia akiwa anapika. Alipomaliza alijisikia kama mtu aliyekula chakula kilichochacha. Hata hivyo alimtumia Bi. Hutchins.

Njia ya mwongo ni fupi. Bi. Hutchins aliisoma akalia, na kwa kuwa alikuwa na roho nzuri, akampigia mama simu kwenye yadi ya mabasi ili ampongeze kwa malezi. Akamsomea insha yote, mwanzo hadi mwisho.

Mama alifika nyumbani, akasimama jikoni bila kuvua koti. Krista alijua mara moja kwamba mambo yameharibika. Alingoja kelele, lakini hazikuja.

"Umeandika vizuri," mama alisema. "Hasa pale pa kiwiko." Akajaza beseni maji, akamtupia taulo begani. "Haya, ingia ukamwogeshe."

"Mama, nasikia kinyaa."

"Hata mimi nasikia. Ulidhani mwenzio sina pua?"

Krista aliingia. Makohozi yalikuwa yameganda shavuni mwa mzee, na alipomvua shati aligeuza uso pembeni. Alijichukia kwa hilo, kisha akajichukia maradufu alipokumbuka alivyoandika kwamba humwimbia. Maji alisahau kuyapima. Taulo baridi ilipomgusa, babu alishtuka, akafumbua macho, akamtazama sana. Maneno yalimtoka kwa shida, kwa upande mmoja wa mdomo.

"Krista," alisema. "Nilidhani ulishakwenda chuo."

Hakuwa akimkejeli, na hilo ndilo lililomchoma. Walitenganishwa na ukuta mmoja tu, na mzee alikuwa amekwisha kumuaga moyoni. Krista alikwenda kuongeza maji ya moto, akarudi, akamsafisha taratibu huku machozi yakimtiririka.

Kesho yake alimweleza Bi. Hutchins ukweli wote. Bi. Hutchins uso ulimwiva kwa aibu, kisha akamwambia aandike upya upesi, kwani siku za kutuma maombi zilikuwa zinakaribia kwisha. Krista aliandika kwamba tangu babu yake apooze hakuwahi kuingia chumbani kwake mpaka alipodanganya kwamba humwogesha kila siku, akaeleza na aliyoyakuta humo. Bi. Hutchins alimwonya kwamba insha hiyo haimpambi hata kidogo. Krista akaituma hivyo hivyo.

Chuo kikubwa alichokitamani kilimkataa. Theluji ilipoanza kuyeyuka, chuo kimoja cha jimbo, karibu na kwao, kilimkubali na kumsaidia sehemu ya ada. Siku ya habari hiyo alimuuliza mama yake kama bado ana hasira naye.

"Ziliisha zamani," mama alisema. "Ila nisikilize, mwanangu. Kazi ya mwenzio ukiivaa wewe, iko siku utavuliwa mbele za watu. Ukitaka kusifiwa kwa jambo, kwanza lifanye. Na ukishalifanya, utaona hata hizo sifa huna haja nazo sana."

Kutoka chumbani babu akaita kwamba maji yanapoa. Krista alipima kwa kiwiko, akabeba beseni, akaingia. Harufu ilikuwa ile ile, lakini mlango aliuacha wazi.