Sindano Moja, Wachezaji Saba

Kila asubuhi, kabla jua halijachomoza juu ya mashamba ya mpunga, Bua na bibi yake walipika wali wa kunata, kisha wakasimama mbele ya nyumba kuwagawia watawa wa Kibudha waliokuwa wakipita. Watawa wakishaondoka, Bua alikula upesi na kupanda baiskeli kwenda shule. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Walimu walimpenda kwa sababu hakuwa na neno na mtu. Ukimwambia leta, analeta. Ukimwambia ngoja, anangoja.

Mwaka ule alikuwa na furaha kuliko kawaida. Alikuwa amechaguliwa kuingia katika kundi la ngoma ya kucha, wasichana saba wanaovaa kucha ndefu za shaba na kucheza taratibu kwenye sikukuu ya hekalu. Bibi yake aliicheza ngoma hiyo alipokuwa msichana. Siku aliposikia habari, bibi alimkumbatia mjukuu wake huku machozi yakimtoka, akasema, "Sasa naweza kuzeeka kwa amani."

"Bibi, mbona umeshazeeka?" Bua alimtania.

"Wewe! Huu ni uzee wa majaribio tu," bibi akajibu.

Siku ya Jumatano muuguzi wa zahanati, Mama Suda, alikuja darasani kuzungumza juu ya VVU. Alieleza kwamba virusi hivyo hupita kwa damu, kwa kujamiiana bila kinga, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Havipiti kwa kula pamoja wala kushikana mikono. Kisha akauliza, "Katika darasa hili, mnadhani ni nani anayeweza kujiingiza hatarini?"

"Tong!" darasa zima likapiga kelele. Tong alikuwa mtoro, tena mwenye mdomo.

"Ahsanteni kwa kunipigia kura," Tong alisema huku akiinamisha kichwa kama mheshimiwa. "Lakini mama yangu anameza dawa za VVU kila siku, na supu yake ya tambi mnaigombania. Hayo mambo nayajua kuliko nyie."

Wote wakacheka, hata Mama Suda.

"Watu huniuliza kama naweza kutabiri nani atajiingiza hatarini," muuguzi aliendelea. "Mimi si mpiga ramli. Lakini nimejifunza kutobabaishwa na kelele za mtoto. Hebu fumbeni macho, nijibuni kwa kunyoosha mkono. Rafiki unayempenda, au mkubwa unayemheshimu, akikuambia ufanye jambo linalokutia hofu, nani ataweza kumkatalia?"

Gizani, nyuma ya kope zake, Bua alisikia nguo zikichakacha pande zote. Tong, aliyeketi jirani yake, alinyoosha mkono kwa nguvu hadi dawati likatikisika. Mkono wa Bua ulibaki mapajani.

Mama Suda hakutaja jina la mtu. Alisema tu, "Ambaye hakunyoosha asijione mbaya. Mara nyingi ni mtoto mwenye moyo mwema. Ila huyo ndiye ninayemhofia."

Siku mbili baadaye, mazoezi yalipokwisha, kiongozi wa kundi, Dada Wan, aliwaita wenzake nyuma ya ukumbi wa hekalu. Alikuwa na miaka kumi na sita, na hakuna aliyecheza vizuri kama yeye. Mkononi alishika kijiti cha mwanzi kilichofungwa sindano, na chini palikuwa na kikombe cha wino wa masizi.

"Wazee wetu walichorwa tatuu mapajani ili wawe majasiri," alisema. "Sisi tutachorwa nukta tatu tu juu ya kisigino. Sketi itafunika, hakuna mama atakayeona. Tukishachorwa, sisi ni ndugu."

Alianza na mguu wake mwenyewe, akijichoma huku akiuma meno. Kisha akamchoma mchezaji mwenzao, Nim. Damu kidogo ilitoka. Dada Wan akaifuta sindano kwa kitambaa, akaichovya tena kwenye kikombe kilekile, akainua macho.

"Anayefuata! Bua, njoo, mdogo wangu."

Huku kwetu mdogo hamkatalii mkubwa. Kumwonea soni aliyekutangulia ndiyo adabu tunayofundishwa tangu hatujajua kutembea. Bua alisogea, akaketi, akanyoosha mguu. Aliitazama ile sindano. Alikumbuka mkono wake uliobaki mapajani, akaelewa kwamba Mama Suda alikuwa akimzungumzia yeye.

Akiuacha mguu pale, damu za wenzake wawili zingeingia mwilini mwake. Akiuondoa, huenda asingecheza tena, na bibi angebaki akimtafuta kwa macho jukwaani.

Aliurudisha mguu.

"Dada Wan, nisamehe," alisema. "Nakuheshimu sana. Lakini sindano hiyo imeshaingia kwenye damu ya watu wawili. Sitaki kuchomwa."

Msichana mmoja akaguna. "Kumbe mdomo anao!"

"Unatuona tuna ugonjwa?" Dada Wan aliuliza. Uso ulimwiva kwa hasira.

"Sijui, dada. Wewe unajua? Hakuna anayeweza kujua kwa kutazama."

"Basi nenda. Kundi litacheza bila wewe."

Bua alisimama huku akilia. Lakini hakwenda nyumbani. Alimgeukia Nim, aliyekuwa ameshika kisigino chake, akamwambia, "Twende zahanati. Nitakusindikiza. Kuna dawa za kuzuia VVU, ila ni lazima uwahi."

Nim alimtazama Dada Wan, akaitazama damu, akaushika mkono wa Bua. Walikuwa wameshafika langoni waliposikia viatu vikikimbia nyuma yao.

"Ngojeni!" Dada Wan alikuwa akihema. "Nim alichomwa baada yangu. Lazima na mimi nipimwe."

Mama Suda hakumgombeza mtu. Aliwasafisha majeraha, akawapima damu, akawaeleza kwa upole juu ya VVU na homa ya ini. Daktari wa zahanati alieleza kuwa Nim hahitaji dawa za kuzuia, kwa kuwa majibu ya Dada Wan yalionyesha hana virusi. Hata hivyo, wote wawili walitakiwa kurudi kupimwa tena baada ya wiki kadhaa.

Dada Wan aliinuka kwenye benchi, akasimama mbele ya Bua, akakutanisha viganja vyake kifuani na kuinama. Mkubwa hamwanzi mdogo kwa salamu hiyo ya heshima. Bua alishtuka, naye akaharakisha kuinama chini zaidi.

"Asante," alisema Dada Wan. "Sote saba tungechomwa kwa sindano ile. Kesho uje mazoezini mapema, mkono wako wa kushoto bado mzito kama mchi."

Nim akacheka kwa mara ya kwanza jioni ile.

"Mama Suda," Bua alisema, "asante kwa lile swali. Mimi sikunyoosha mkono."

"Najua, mwanangu. Nilikuona, nikapata wasiwasi." Muuguzi alimfuta machozi kwa kiganja. "Ninapotabiri mabaya juu ya mtoto, nakwenda kulala nikiomba niwe nimekosea. Leo nimekosea, na nashukuru. Nisikilizeni, wanangu: heshima ni kitu kizuri, lakini anayekupenda hatakuomba uilipe kwa damu yako. Unaweza kukataa kwa sauti ya upole, ukaomba na samahani juu yake. Bado utakuwa umekataa."