Florent Alivyobatiza Chuma

— Florent, zima jenereta! Papa yangu amesikia yote!

Emerance alishika simu kwa mikono miwili, kana kwamba ingemtoroka.

— Amesikia nini, sheri, mupenzi wangu?

— Kwamba umebatiza chuma!

Upande wa pili Florent akaangua kicheko. Alikuwa mtafsiri wa filamu kule Katoyi, mtaa wa Goma, katika sale moja, ukumbi wa mbao. Watu hawakufuata picha, walifuata mdomo wake. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, na pale asipoelewa alitunga. Alhamisi ile filamu ilikuwa ya roboti inayolea mtoto yatima. Mwishoni roboti ikazimika polepole kando ya mtoto, bila neno. Florent kimya kile kilimshinda. Akavuta maikro, akaipatia roboti sala: "Mungu wangu, huyu mutoto ninakuachia."

Sale nzima ililia. Mmoja wa waliolia alikuwa mwanakwaya, na kabla machozi hayajakauka alishafikisha habari kwa Papa Munyaneza, mzee wa kanisa, baba yake Emerance.

— Usicheke! Papa anasema roho inatoka kwa Mungu, haitoki kwa betri. Anasema usikanyage kwetu kuja kujitambulisha.

— Na weye unasema nini?

— Mimi nasema ninakupenda, na weye ni mupumbavu.

— Rudilia ile ya kwanza.

— Florent!

Wakafikiri wana wakati wa kubishana. Jumamosi jioni Nyiragongo, mlima wa volkano juu ya mji, ikapasuka. Mbingu ikawa nyekundu kama tumbo la jiko, na ardhi ikatikisika siku kwa siku, hadi mji ukaamriwa kuondoka. Papa Munyaneza alipeleka familia yake kaskazini, katika mji wa Kiwanja, wakapiga turubai katika uwanja wa kanisa. Florent alisukumwa na umati upande wa magharibi, mpaka Sake.

Siku tatu simu haikupita. Ya nne, ujumbe ukaingia: "Niko muzima. Jumamosi ninakuja kujitambulisha."

Emerance akajibu mbio: "Hapa? Tunalala chini! Na Papa alikukatalia!"

"Alinikatalia nyumba. Turubai hakunikatalia."

Akaja kweli. Alivuka lava kwa miguu, soli za viatu zimekunjamana kwa joto, na nyuma yake Djibril, dereva rafiki yake, amebeba kreti ya Fanta.

Kwao Emerance muoaji hakai mpaka ajibu kitendawili cha mkubwa wa nyumba. Mkubwa alikuwa koko Nyiramahirwe, mama yake Papa Munyaneza, amekalia dumu la njano kama kiti cha enzi. Watu wakajaa. Mkimbizi hana kazi nyingi, na habari tamu haipiti bure.

— Kitendawili!

— Tega, koko.

— Nimemutengeneza kwa mukono wangu. Ana macho, lakini nikifa hatanililia.

— Ni roboti, koko.

— Umejibu nusu. Kama hawezi kulia, mbona ulimupatia sala?

Papa alikuwa amefunga mikono kifuani, uso mgumu kama jiwe la lava.

Florent akamgeukia koko.

— Koko, roboti haikuomba. Ni mimi niliomba. Ule mutoto alikuwa anabaki peke yake, na hakuna mutu wa kumukabizi kwa Mungu. Roboti haikuwa na neno, nikaiazima la kwangu.

— Kijana, — Papa akaingilia, — Mungu aliumba mutu kwa mufano wake. Chuma kimeumbwa kwa mufano wa nani?

— Wa mutu, Papa. Ndiyo maana tunakihurumia, tunaonamo sura yetu. Lakini roho hakina. Waliokuwa na roho ni wale waliolia.

— Maneno matamu. Mutu wa filamu hakosi maneno.

Siku hiyo binti hasemi, ni desturi. Emerance alijaribu kunyamaza, Mungu ni shahidi. Ikamshinda.

— Papa, na ile pikipiki yako?

— Pikipiki gani?

— Ile ilizimika njiani tukikimbia, ukaiwekea mikono! "Kwa jina la Yesu, mama, uwake." Papa, uliiita mama!

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Djibril karibu aangushe kreti.

— Petroli ilikuwa mubaya, — Papa akanong'ona.

— Muzee, mimi ni Muislamu, sitaki kuingilia, — akasema Djibril. — Lakini iliwaka?

Papa akatazama chini.

— Iliwaka.

Koko Nyiramahirwe hakucheka. Alingoja kelele zishuke.

— Munyaneza, mwanangu. Nimekimbia volcano mara tatu. Rebellion, vita vya waasi, nimeacha kuhesabu. Ile bunduki iliyotutoa Masisi haikuwa na chuki, mutu ndiye aliitilia chuki yake. Huyu ametilia chuma huruma yake. Sasa niambie, unataka mutoto wetu aolewe na nani kati ya hawa wawili?

Papa Munyaneza alivitazama viatu vilivyoungua, kisha akamtazama binti yake, ambaye alikuwa analia bila kujificha. Akavua koti lake la ibada, akalitandika chini.

— Kaa, mukwe.

Vigelegele vilisikika hadi sokoni. Fanta zikafunguliwa, na Emerance na Florent wakaanza kunyata kwenda nyuma ya turubai, wapate walau neno moja la faragha.

— Mukwe!

Wakasimama.

— Ule mutoto wa filamu, — akauliza Papa, akijifanya anakunja kitambaa, — nani alimuchukua?

— Papa... ule mwisho Kiingereza kilikuwa kigumu. Sikuelewa.

— Basi tunga!

Florent akamshika Emerance mkono, mbele ya macho yote.

— Alichukuliwa na bwana na bibi, Papa. Walifunga ndoa Goma, mwezi wa nane.

— Mwezi wa nane wa mwaka gani?

— Mwaka huu, Papa. Mwezi wa nane huu unaokuja.

Papa akamgeukia mama yake. Mama yake akaitazama mbingu kama mtu asiyehusika.

— Haya, — Papa akasema. — Musicheleweshe. Mutoto anangoja.