Kikohozi cha Tatu

Baba mkwe wake Ikupa alikuwa akikohoa mara mbili. Kila alipokuja kwa mwanawe, akifika penye migomba alikohoa ili mkamwana asikie na kujificha, kwa maana pale Talatala mkamwana aliyelelewa vizuri hamtazami baba mkwe usoni wala hapiti mbele yake. Kwa miaka mitano ya ndoa Ikupa alimjua mzee Hezroni kwa viatu vyake vya mpira, fimbo yake na kikohozi chake. Uso wake hakuujua. Kwa hiyo Alhamisi ile asubuhi kikohozi kiliposikika mara tatu, alishangaa kidogo tu. Akamlaza Kisa, bintiye wa miezi sita, juu ya mkeka uani kama kawaida, ili babu amchukue mjukuu bila wao kukutana, kisha akaenda kusimama nyuma ya jiko.

Huenda angewaza zaidi kama nyumba isingejaa wageni. Mumewe alikuwa Karonga akiuza sabuni, maana biashara zilikuwa zimefunguliwa na kila mwenye baiskeli alivuka mpaka. Basi kanisa likaona Ikupa ana nafasi ya kuwalaza wahubiri watano kutoka Mbeya, waliokuja kwa misheni ya wiki mbili. Tangu walipofika Jumatatu hakuketi. Alfajiri maombi, halafu chai, halafu kuchota maji, halafu wao nyumba kwa nyumba na yeye kwenye wali na usipa, dagaa wa ziwani, wa watu watano wanaokula kweli kweli.

Kiongozi wao, mwinjilisti Erasto, alikuwa kijana wa suti ya mtumba na sauti ya kukaripia. Aliwakaripia wagonjwa kwa kukosa imani na wazee kwa pombe. Jumatano alionyeshwa dimbwi lililo chini ya mianzi, ambalo hakuna achotaye wala anawaye kwa kuwa husemwa lina mwenyewe. Akavua viatu, akaingia hadi magotini, akanawa uso, akauliza kwa kejeli yuko wapi huyo mwenyewe. Jioni ile akahubiri juu ya wakwe: kujificha kule ni kazi ya shetani, na Jumapili Ikupa na baba mkwe wake watapeana mikono mbele ya kanisa, macho kwa macho. Ikupa alimchukia tangu hapo, na hakuona haja ya kutubu.

Sasa, nyuma ya jiko, aliviona viatu vya mpira vikipita chini ya majani ya migomba. Vilikuwa vikitoa maji kila hatua, na mvua haikunyesha wiki nzima. Harufu ya tope lililooza ikafika hadi jikoni, ikafunika ile ya samaki. Viatu vilipoondoka alimwinua Kisa, akamkuta baridi, nywele zimelowa. Mtoto akakataa ziwa.

Mchana Erasto akarudi na furaha. Alikuwa amekutana na mzee karibu na mianzi, akamweleza habari ya Jumapili, na mzee akakubali papo hapo, akampa mkono. Mkono wenyewe ulikuwa baridi na umelowa, alisema akicheka, huku akiufuta wake kwenye suruali.

Ijumaa kikohozi kikaja tena mara tatu. Kufikia saa sita Kisa hakulia wala hakunyonya. Alitazama migomba tu, kama anayengoja mtu. Ikupa akamwachia Naomi, mwimbaji wa kundi, akakimbilia kwa mama mkwe wake, Tusekile, kupitia nyuma.

"Mama, mwambie baba asimwogeshe mtoto. Anamrudisha ana baridi."

Tusekile akaacha kupepeta mchele. "Amemwogesha lini?"

"Jana. Na leo asubuhi."

"Mwanangu," Tusekile akasema polepole, "baba yako ana malaria tangu Jumatano usiku. Hajatoka kitandani."

Kutoka upande wa nyumba ya Ikupa kikasikika kikohozi. Mara tatu.

Alikimbia, akapita migombani bila kutafuta njia, na alipotokea uani akamwona Naomi amesimama nyuma ya jiko kwa adabu, maana naye alikuwa amejifunza desturi, na mkeka ulikuwa mtupu, na viatu vya mpira vilikuwa kando ya mkeka vikivuja maji, na nyuma yake mwenyewe mtu akakohoa mara mbili, kwa shida, kikohozi cha mgonjwa aliyesikia maneno kupitia ukutani akaamka, na Ikupa, ambaye hakuwahi kufanya hivyo maishani, akainua macho.

Wazee walikuwa wawili, wenye uso mmoja. Aliyetoka migombani, alipoona anatazamwa na mkamwana, alijifunika uso kwa kofia na kumgeuzia mgongo. Mwingine, mwenye Kisa mikononi, alitabasamu.

Erasto alitoka ndani na Biblia. "Huyu ndiye mzee wetu," akasema, akimwonyesha anayetabasamu. "Jana tumepeana mkono. Mshikeni huyo anayeficha uso."

Wahubiri wakamwangusha mgonjwa, wakamkandamiza kichwa, wakimwamuru pepo atoke. Ikupa hakubishana nao. Alimwendea yule mwingine.

"Ndaga, asante, mwanangu," kile kitu kikasema. Hakikupepesa macho. "Tupeane mkono. Si tumeruhusiwa?"

Ikupa alimpokonya mtoto. Hakikumzuia.

"Mkono mmoja nimeshapewa," kikasema, kikimtazama Erasto. Kisha kikaenda zake kuelekea mianzi, viatu vikilia kwa maji, mbele ya macho ya wote. Ndipo wahubiri walipomwachia mzee.

Usiku ule Kisa alilia na kunyonya, na Ikupa naye akalia kwa kushukuru.

Jumamosi gari likaja. Misheni ilikuwa imevunjika. Erasto aliaga kwa zamu, mtu mmoja mmoja, na kila aliyemshika mkono akajifuta maji kwenye nguo. Alipobakisha hatua chache kumfikia Ikupa, alisimama, akakohoa. Mara moja, mara ya pili, mara ya tatu.

Ikupa alitoka njiani na kumgeuzia mgongo, kama alivyolelewa. Kisa alikuwa amefungwa mgongoni kwa kitenge. Ikupa akamsikia akicheka, kisha akahisi mikono miwili midogo ikichomoka kwenye kitenge na kunyooshwa nyuma, kwa aliyekohoa.