Nyongeza Zote Ziondolewe

Msumari wa kalenda ulikuwa sakafuni. Ajwang aliuokota, akatafuta tundu lake ukutani ili aurudishe, asilione. Alipapasa jiwe kwa vidole. Lilikuwa laini na baridi, kana kwamba halijawahi kugongwa tangu lichongwe.

"Labda ulianguka tu," Okoth mumewe alisema huku akifunga viatu.

"Na tundu nalo lilianguka wapi?"

Okoth alicheka, akambusu mtoto, akaenda Kitengela alikofanya kazi ya kutengeneza mifereji.

Nyumba yao ilikuwa Kajiado mjini, karibu na reli. Ilijengwa kwa mawe na watu wa reli, zamani sana. Tajiri mmoja alitaka kuibomoa ajenge maduka, lakini watu wa mtaa walilalamika, na Tume ya Majengo ya Kale ya mji ikaamua ilindwe. Ajwang alifurahi kuliko wote. Alikuwa na mtoto mchanga na hakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Ilikuwa desturi ya tume kusoma uamuzi wake mlangoni, kwa sauti, ili kila anayeishi ndani asikie. Basi siku moja kabla ya msumari kuanguka, Githinji, karani wa tume, alikuja na tai yake nyekundu, akasimama kizingitini akiutazama ukumbi.

"Jengo hili lisibomolewe," alisoma. "Libaki kama lilivyojengwa. Nyongeza zote ziondolewe."

Alimaanisha mabati ya baraza na sinki la jikoni. Majirani walipiga makofi. Okoth, ambaye hakuweza kuacha mzaha umpite, alimwinua binti yao Valerie juu ya kichwa.

"Bwana Githinji, na hii nyongeza yangu je? Imeletwa juzi tu!"

"Sheria ni sheria, baba Valerie!"

Watu walicheka. Ajwang peke yake alisikia ukuta wa ndani ukigongwa mara moja, kama mtu anayeitikia.

Baada ya msumari, zilifuata ndoano za pazia. Kisha mfereji wa jikoni ukakauka, na alipoinama kuutazama, Ajwang aliona bomba limekatika na jiwe limejifunga mahali bomba lilipokuwa limetokea. Nyumba ilianza kunuka taa ya mafuta na tumbaku ya kiko, ingawa walikuwa na stima na Okoth hakuvuta sigara. Mchana, jua likiwa kali na mtaa umenyamaza, alisikia patasi ikichonga ndani ya ukuta, polepole, kama fundi asiye na haraka.

Alivuka barabara kwa Rahab, mama aliyeuza viazi na mboga, mzaliwa wa mtaa huo.

"Mama Valerie, keti," Rahab alisema, akashusha sauti. "Mamangu alikuwa anafagia hiyo nyumba. Alituambia iko na jini. Lilikuja na wale mafundi wa mawe, wakaliweka lilinde kuta. Halikuwa na shida na mtu. Lilikuwa linakaa tu, bora lisiamrishwe."

"Sasa nani ameliamrisha?"

Rahab alimtazama. "Si mlisomewa pale mlangoni, mkapiga makofi? Mimi pia nilipiga."

"Uii, mama. Kwani litafanya nini?"

"Kile liliambiwa. Linaanza na vidogo vidogo."

Ajwang alirudi mbio. Kofia ya Valerie haikuwepo. Chupa yake haikuwepo, wala karai la kumwogeshea. Mtoto alikuwa kitandani, macho wazi, akilia bila kutoa sauti. Ajwang alimwinua, na mikono yake ikaruka juu, kwa sababu ilikuwa imejiandaa kubeba mtoto mnene anayenyonya vizuri na badala yake ikabeba kitu chepesi kama leso iliyokauka kambani, na alipomkumbatia ili ahakikishe bado yupo alisikia ile patasi ikikaribia, ukuta hadi ukuta, ikifuata mahali mtoto alipo, naye akatoka bila viatu, akapita baraza, akapita lori lililompigia honi, akifikiri kwamba akifika ng'ambo ya barabara tu uzito wa mtoto utarudi, lakini alifika na haukurudi.

"Rahab! Mshike!"

Rahab alimshika. Kisha akamweka kwenye mizani ya viazi. Mshale haukusogea.

Walipiga magoti kati ya magunia wakaomba. Rahab alilikemea jini kwa jina la Yesu mpaka sauti ikamkauka. Mshale ulibaki pale pale.

"Halijakosea," Rahab alinong'ona. "Limetumwa. Mtafute aliyelituma."

Ofisini, Githinji alianza kucheka aliposikia habari. Ajwang hakubishana, maana hakuwa mtu wa kubishana na watu wa ofisi. Alimwekea mtoto mikononi. Githinji aliacha kucheka, akamrudishia. Alitoka akikimbia, tai ikipepea begani.

Kizingitini, harufu ya tumbaku iliwapiga usoni.

"Liambie haikumhusu," Ajwang alisema kwa sauti ya chini. "Sema ilikuwa mzaha tu. Sema ni mtoto wangu."

Lakini kwa miaka yote Githinji alikuwa amejua namna moja tu ya kusema na nyumba. Alisimama wima.

"Mtoto Valerie si nyongeza," alisema. "Ni sehemu ya jengo hili. Asiguswe, asiharibiwe, asiondolewe."

Ukuta uligongwa mara moja. Valerie akalemea tena mikononi mwa mama yake, mzito, wa moto, akilia kwa sauti iliyowatoa majirani nje. Ajwang alilia naye. Githinji alijifuta jasho akaondoka bila kuaga.

Okoth alipofika jioni na kusikia yote, hakufanya mzaha. Alijaza nguo kwenye mifuko. "Tunaenda kwa dadangu Kitengela. Sasa hivi. Vyombo vitakuja baadaye."

Alitangulia uani na mizigo. Ajwang alimfunga Valerie mgongoni kwa leso, akaelekea mlangoni, na kila hatua mtoto alizidi kuwa mzito, kwanza kama ndoo ya maji, kisha kama gunia la viazi, kisha leso ikamkata kifuani na magoti yakaanza kukunjika, na alipofika kizingitini ilikuwa kama amefungwa ukuta mzima mgongoni, ukuta unaopumua na kunyonya kidole, na hakuna mama yeyote duniani angeweza kuunyanyua ukuta huo akauvusha nje. Alirudi nyuma hatua moja. Uzito ukapungua. Valerie akacheka.

"Kuja basi!" Okoth aliita. "Unangoja nini?"

Ajwang alikuwa akiangalia ua. Upepo wa alasiri ulikuwa umelaza vumbi laini pale nje, na kuku wa Rahab walikuwa wameacha alama zao kila mahali. Okoth alikuwa ametembea juu ya vumbi hilo hilo na mifuko miwili mizito, na nyuma yake hapakuwa na alama hata moja ya kiatu.

Ajwang aliangalia miguu yake mwenyewe. Alikanyaga kwa nguvu vumbi lililoingia kizingitini, akainua mguu. Vumbi lilikuwa kama alivyolikuta.

Ndani ya ukuta, patasi ilianza tena, bila haraka.

Ajwang alitoa simu, akampigia Githinji.

"Tafadhali rudi usome," alisema. "Unitaje na mimi. Sema mama yake ni sehemu ya jengo."

Uani, Okoth alikuwa amegeuka kutazama njia aliyopita. Aliweka mifuko chini taratibu.

"Ajwang," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Mwambie na baba yake."